Bi Redio na Msikilizaji Wake

Wanafunzi walimwita Bi Redio, na yeye hakukasirika. Karani wa usajili wa shule ile alikuwa haandiki jambo bila kulisoma kwa sauti: jina la mtoto, maradhi yake, simu ya mzazi. Asipoyasikia kwa masikio yake mwenyewe, alihisi amekosea. Kila alipomaliza mstari alishusha pumzi na kusema, "Haya mwanangu, tuendelee," hata akiwa peke yake. Marehemu mumewe alizoea kumtania kwamba siku akifa, mdomo utazikwa kesho yake.

Ndiyo maana kisanduku kilimkuna. Fundi wa kampuni iliyoiuzia shule mfumo wa kumbukumbu alikiweka mezani, cheusi, kadiri ya kipande cha sabuni. Yeye aseme tu, chenyewe kitaandika.

"Kitajifunza sauti yako, mama," fundi alisema. "Ukimaliza kazi, kizime."

Akizime kwa nini? Tangu afiwe hakuwahi kupata msikilizaji asiyepiga miayo. Akakiacha kikisikiliza mchana kutwa, akakisimulia hata mambo ya nyumbani kwake.

Mwaka huo alikuja mama mmoja na binti yake mdogo, wote wawili wakigeuka kila mlango ulipolia.

"Dada, baba yake anatutafuta," mama alisema kwa sauti ya chini. "Akitupata tumekwisha. Tunapoishi pasiandikwe popote."

Bi Redio akaiacha nafasi ya anwani wazi, wala hakuuliza ni wapi. Namba ya simu ya mama aliisoma kwa sauti, kama kawaida yake. Alijiona amefanya la maana, na kweli alikuwa amefanya.

Asubuhi moja binti hakuonekana shuleni. Bi Redio akampigia mama yake.

"Ana mafua," mama alisema. "Si nilikwambia jana?"

"Ulimwambia nani?"

"Wewe, dada. Ulinipigia ukaniuliza tunakaa wapi, eti mwalimu anataka kumletea kazi zake. Nikakuelekeza mpaka mlangoni."

"Sikuwa mimi."

"Acha utani. Namba ilikuwa ngeni, lakini sauti yako naijua. Ulishusha pumzi vile vile, ukasema, 'Haya mwanangu, tuendelee.'"

Mezani, kitaa cha kisanduku kilikuwa kinawaka kijani. Bi Redio akakitazama, akaelewa: kilikuwa kimejifunza sauti yake na kusikia namba ya mama, na sasa baba wa mtoto alikuwa amevipata vyote viwili. Akatoka nje na simu yake, akienda kwa ncha za vidole mbele ya kile kidude kama mtu anayempita mbwa aliyelala.

"Sikiliza," akanong'ona alipofika uwanjani. "Funga mlango, usimfungulie mtu. Naita polisi."

Upande wa pili mlango ukagongwa. Kisha akasikia sauti, hafifu kidogo, ikitokea nyuma ya mbao.

"Hodi. Ni mimi, karani wa shule. Nifungulie, mwanangu."

Ilikuwa sauti yake. Hata ule mkwaruzo wa kooni aliokuwa nao tangu utotoni ulikuwemo.

Mama akanong'ona kwenye simu. "Wewe wa kwenye simu ni nani?"

"Ni mimi, dada."

"Na wa mlangoni anasema ndiye karani. Nimwamini nani?"

Bi Redio akatafuta kichwani jambo ambalo hakuwahi kulisema. Halikupatikana upesi. Msiba wake, magonjwa yake, ndoto zake, vyote alishavisema mbele ya kisanduku.

"Siku mliyokuja," akasema mwishowe, "binti yako alikuwa amefunga vifungo vya shati kombo. Nilipiga magoti nikamfunga upya. Sikusema neno, na wewe hukusema."

Kisha Bi Redio akasikia komeo la pili likisukumwa, na kitu kizito kikiburutwa kuelekea mlangoni.

Nje ya mlango ule, sauti yake ikashusha pumzi.

"Haya mwanangu," ikasema, "tuendelee."