Sokwe wa Kwenye Karasha

Nilikuwa nauza chakula kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Geita, jirani na karasha, ile mashine ya kusagia mawe ambayo kelele zake hukufuata mpaka usingizini. Mwenye karasha alikuwa mtu wa Kigoma, mcheshi, mwepesi wa kutoa na mwepesi zaidi wa kupiga. Yeye ndiye aliyetuletea sokwe.

Alikuja naye akiwa mtoto, kamvika fulana ya mpira. Alisema kamnunua kwa wavuvi waliomvusha kutoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Siku za mwanzo hakutaka kushuka mwilini mwa mtu. Ukimweka chini analia mpaka anakosa pumzi. Nilikuwa nambeba mgongoni kwa kanga huku napika, naye anapekua nywele zangu kwa vidole, taratibu, kama dada wa saluni asiye na haraka. Ukimtekenya anacheka. Hatoi sauti kama sisi, ni pumzi tu za harakaharaka na mdomo wazi. Akitaka chakula ananyoosha kiganja na kukutazama usoni.

Akakua. Mabega yakatanuka, mikono ikawa minene kuliko mapaja ya wachimbaji. Kiroba cha mawe ambacho vijana wawili walikibeba wakiguna, yeye alikivuta kwa mkono mmoja akakitupa. Siku moja alimng'ata mteja bega, na tangu hapo bosi akamfunga mnyororo kwenye nguzo ya chuma iliyochimbiwa kwa zege. Kila asubuhi alipigwa kwa kipande cha mpira wa maji, ili asisahau nani mkubwa. Mimi nikakatazwa kumsogelea.

Watu wakawa wanamgeuza mchezo. Walimpa pombe kali, wakamrushia kokoto, wapo waliozima sigara kwenye mguu wake aliposinzia. Sokwe hakuwa na pa kwenda. Nilijifunza kumsoma kwa mbali: akianza kuyumba huku na huku, kimya, manyoya yamesimama mpaka anaonekana mkubwa mara mbili, hapo usicheze naye.

Mchana ule shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, alitoka shimoni na wenzake kuja kula. Alikuwa kijana wa Tinde, mpole nyumbani, lakini mbele ya wenzake alipenda kuchekesha. Akachukua kipande cha muwa, akawa anamnyooshea sokwe na kukirudisha. Wenzake wakaangua kicheko. Akarudia tena na tena.

"Shemeji, toka hapo," nilimwambia. "Hebu ona manyoya yake yalivyosimama."

"Si amefungwa, shemeji? Atanifanya nini?"

Alipiga hatua moja mbele aonyeshe kwamba haogopi. Sikumwona sokwe akiruka. Nilichoona ni shemeji yuko chini, na mkono wake wa kulia uko mdomoni mwa yule mnyama. Nilisikia vidole vikivunjika, kama mtu anatafuna mifupa ya kuku. Kisha sokwe akaushika mkono ule ule akauvuta, bega likachomoka mahali pake, na shemeji akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mzima.

Vijana wakaja na nondo. Wakampiga sokwe mgongoni, kichwani, popote, na kila pigo lilipotua aliuma zaidi. Aling'oa sikio la shemeji, akachana shavu. Mmoja alipomkaribia akanyang'anywa nondo, na ilipomrudia ilimvunja mguu. Wote wakatawanyika. Mimi nilikuwa nimeshika sufuria ya maji ya ugali yanayochemka, nikashindwa kuyamwaga, maana wawili wale walikuwa wamekuwa kitu kimoja.

Shemeji akaacha kupigana. Alijikunja, akaficha uso kwenye mchanga, akawa analia kidogokidogo kama mtoto mgonjwa. Na sokwe akamwachia. Akakaa karibu naye akihema, damu inamtoka puani, akamgusa mgongo kwa ncha za vidole, mara moja. Kisha akasogea mwenyewe mpaka mwisho wa mnyororo na kutugeuzia mgongo.

Tulimvuta shemeji, tukampakia kwenye bodaboda katikati ya watu wawili, akakimbizwa hospitali. Nilidhani yameisha.

Watu walirudi wengi, na wengine hata hawakuwapo mwanzo. Walikuja na mawe, mapanga na nyundo za kuvunjia miamba. Nilipaza sauti, "Ameshamwachia! Mwacheni, ameshamwachia!" Mzee mmoja muuza kahawa akanishika mkono. "Mayu," akaniita kwa heshima ya Kisukuma, "watakugeukia wewe." Bosi alikuwa amesimama mlangoni pa karasha. Wakamwangalia yeye kwanza. Akasema, "Mmalizeni."

Hakufa upesi. Alipanda juu ya nguzo wakamvuta kwa mnyororo wake. Alipiga kelele hadi akajiharia, na aliposhindwa kusimama akatambaa upande wangu, akaninyooshea kiganja. Panga likashuka kwenye mkono ule. Baada ya hapo niligeuka, nikasikia tu. Kelele ziliendelea muda mrefu baada ya yeye kunyamaza, maana walikuwa bado wanapiga. Kisha wakaweka miguu juu ya mzoga wakapigana picha kwa simu.

Kesho yake wakaja maofisa wa wanyamapori. Walimchukua bosi, wakauchukua na mzoga kwenye turubai. Mmoja wao, mwanamke wa umri wangu, alikaa kwenye benchi langu akanywa chai. Nilimuuliza kama mama yake yule sokwe alikuwa bado hai huko alikotoka.

"Hapana, dada," alisema. "Mama sokwe hamwachii mtoto wake. Ili umchukue ni lazima umuue, na wale wanaokuja kumtetea nao wanauawa."

Sikuweza kuendelea kupika pale. Mwezi ule ule nikafungasha vyombo nikarudi Shinyanga.

Shemeji alipona. Yuko Tinde na mkewe, analima mpunga. Jembe analishika kwa mkono wa kushoto na kulibana kwapani. Wageni wakija huomba kuona mkono wake, na humtaka asimulie vile mnyama alivyouawa. Yeye huishia pale alipoguswa mgongo. Wakimuuliza ilikuwaje mwisho, huwajibu, "Aliniachia mwenyewe." Huwa hawaridhiki. Mara nyingi wanamgeukia mkewe, labda yeye ataongeza kitu, na mkewe huinuka akaenda kutazama chungu jikoni.