Uzi Unafuata Magari ya Juba

Wiki iliyopita nilikuwa namfundisha binti yangu kuweka bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, kwenye cherehani. Nilimwonyesha shimo lake, nikamwonyesha kifuniko cha plastiki kinachotelezeshwa juu, halafu nikamwambia kwa mazoea tu, "Uzi uzunguke kama magari kwenye raundabauti." Akaitumbukiza, akafunga, akakanyaga. Kwa juu mshono ulitoka umenyooka vizuri. Nilipouvuta kidogo ukaachia wote, kitambaa kikabaki vipande viwili na uzi ukaning'inia mkononi mwangu. Nilicheka mpaka nikakaa chini, naye akanuna akidhani namcheka yeye. Maskini, hakukosea. Alifuata magari ya Kisumu, ndiyo pekee anayoyajua. Mimi nilikuwa namwambia habari za magari ya Juba.

Kaa nikusimulie, maana bila haboba utadhani nimechanganyikiwa.

Tulihamia Juba baada ya amani kutiwa sahihi, wakati kila mwenye mkono wa kufanya kazi Kenya na Uganda alikuwa akisikia kwamba huko kuna riziki. Mama alikuwa fundi wa nguo. Tulipanga chumba mtaa wa Munuki, katika ua wa bibi mmoja wa pale pale Juba ambaye hakuwahi kuukimbia mji hata vita vilipokuwa vikali. Watoto wote wa ua tulimwita haboba, yaani bibi kwa Kiarabu cha Juba. Alikuwa mfupi, mwembamba, mwenye sauti ambayo Mungu alimpa kwa makosa, nadhani ilikusudiwa mtu mwenye mwili mkubwa zaidi. Mbuzi akila mboga zake, mwenye lori la maji akichelewa, sisi tukitimua vumbi karibu na kisra anayopika, utasikia, "Ya nas! Ya nas!" Enyi watu! Ilianzia chini kama kikohozi, ikapanda, ikavunjika juu kabisa. Hadi wanaume wa bodaboda pale kwenye kituo walikuwa wakimwigiza.

Jumamosi asubuhi ua wote ulinukia kisra. Haboba aliumimina uji wa mtama uliochachuka juu ya bamba la moto, akautandaza kwa kipande cha jani la mtende, na kabla hujapepesa macho alikuwa ameubandua mkate mwembamba kama kitambaa. Tuliula na mchuzi wa bamia kavu. Mpaka leo nikisikia harufu ya kitu kilichochacha vizuri, njaa inaniuma hata kama nimeshiba.

Cherehani cha mama hakikuwa kile cheusi cha kukanyaga kwa miguu miwili, ambacho kila fundi anacho. Kilikuwa cheupe, cha umeme, alichokinunua kwa mama mmoja wa shirika la misaada aliyekuwa akirudi kwao. Ubavuni kilikuwa na jina. Jina hilo nilikuwa nalijua kabla sijajua kusoma vizuri, kwa sababu liliandikwa nyuma ya karibu kila gari jeupe lililopita Juba. Basi mimi niliamini kabisa kwamba cherehani chetu ni gari lililokosa magurudumu. Kilikuwa na taa mbele, kikanyagio chini, na ukikanyaga sana kilinguruma na kukimbia. Ungeniambia nini?

Aliyenitia moyo katika imani hiyo ni jirani yetu dereva, Mkenya mwenzetu aliyeendesha gari la shirika. Huyo bwana alikuwa akijua ukoo wa kila kampuni ya magari kama watu wengine wanavyojua ukoo wa wakwe zao. Jioni, akinywa chai ya haboba, alitueleza kwamba kampuni ya cherehani chetu ilizaliwa na mitambo ya kufuma nguo, magari yakafuata baadaye. "Gari ndilo mtoto," alisema. "Nguo ndiyo mama." Akaonyesha jenereta ya muuza duka, ile iliyotupa umeme wa kushonea: nayo jina lake ni la magari. Injini za mashua pale mtoni, jina la magari. Haboba alipomcheka, akaapa kwamba kuna kampuni ya magari kule Ulaya iliyoanza na vinu vya kusagia kahawa. Haboba aliacha kutwanga kahawa yake, akamtazama.

"Na mimi hapa, mimi iko tengeneza gari gani?"

Dereva huyo ndiye aliyempa mama kanuni ya bobini. Kwenye cherehani kile bobini hulala chini ya sindano, nayo ni lazima izunguke kinyume cha saa unapovuta uzi. Ukiigeuza, uzi wa chini hauingii kwenye kibati kinachoubana, mshono unakuwa wa kudanganya macho. Mama alikuwa akisahau kila mara. Dereva naye alikuwa na shida yake. Kenya tunaendesha kushoto, Juba wanaendesha kulia, na kwenye raundabauti kila kitu kinapinduka. Alikuwa akiingia raundabauti ya Custom, ile kubwa ya mjini, akijinong'oneza, "Kinyume, kinyume, kinyume," kama mtu anayesali. Siku moja alichungulia kwenye kile kishimo cha bobini akapiga kofi. "Hii ni Custom tupu!" Tangu siku hiyo kanuni ya nyumba yetu ikawa hiyo: uzi uende kama magari. Nami nikakabidhiwa kazi. Kujaza bobini, kuzitumbukiza, kupitisha uzi kwenye ufa, kufunga kifuniko. Nilikuwa nikinguruma kwa mdomo, vuuu, kila bobini ilipozunguka.

Sasa, haboba alikuwa na dada mmoja tu. Huyo dada alikwenda Khartoum vita vya kwanza vilipoanza, vile vya miaka ya hamsini, wote wawili wakiwa wasichana wabichi, na hawakuonana tena. Hapakuwa na picha. Simu haboba hakutaka, alisema simu ni ya watu wenye haraka. Amani ilipokuja, watu wakaanza kurudi, wengine kwa ndege na wengine kwa tishari, zile meli bapa za mizigo, zilizosukumwa polepole kupanda mto. Siku moja msafiri akamletea haboba kifurushi. Ndani mlikuwa na kitambaa cha kijani chenye maua ya manjano, kimekatwa nusu, na maneno ya mdomo: dada anakuja na tishari, naye ameshona gauni kwa nusu yake. Haboba ashone nusu hii. Sura zimezeeka, hazitatambuana, ila kitambaa kitatambuana na mwenzake.

Haboba hakupiga kelele siku hiyo. Alikaa kwenye kigoda chake akakipapasa kitambaa mpaka giza likaingia. Aliniambia mimi, labda kwa sababu ndiye niliyekuwa karibu, "Akipita mbele yangu, na mimi sijui yeye?" Niliogopa kumwona haboba ameogopa.

Mama akakikata kitambaa, na kabla hajakishona malaria ikamlaza. Bahati nzuri nyanya yangu, mama yake mama, alikuwa amekuja kututembelea kutoka Kisumu. Nyanya alikuwa ameshona maisha yake yote kwenye cherehani cheusi. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema, akajifunga leso, akaketi. Mimi nilikuwa nimetumwa kupanga foleni ya maji na mitungi. Alipofika kwenye bobini, akauliza kupitia pazia uzi unaelekea wapi. Mama, homa imempanda, akajibu lile alilolijibu kila siku: "Kama magari kwenye raundabauti." Na nyanya, ambaye hakuwa ametoka ua ule tangu afike usiku na basi, akaiweka bobini kama magari ya raundabauti anayoyajua yeye.

Gauni lilikuwa zuri, nisimnyime haki yake. Haboba alilivaa polepole kama mtu anayevaa yai.

Siku ya tishari dereva aliomba ruhusa kazini, akatupakia kwenye gari jeupe kwenda bandarini. Haboba mbele, nyuma nyanya, mimi, na mama aliyekuwa bado dhaifu. Magari yale ni ya juu. Haboba akainua mguu, akashika mpini, akajivuta, na nikasikia sauti ndogo, trrr. Nilidhani ni kiti.

Tukafika Custom. Dereva akaanza sala yake, "Kinyume, kinyume," akaingia raundabauti kwa kulia. Nyanya akanishika mkono, akapiga kelele, "Yesu! Huyu anatupeleka kinyume! Magari hayazunguki hivi!"

Mama akageuka akamtazama. Nilimwona akitazama magari, akamtazama mama yake, akatazama tena magari. "Mama," akasema taratibu, "bobini uliielekeza wapi?"

Hapo haboba akainua mkono ashike kiti, ageuke kuona nini kinaendelea nyuma, na ubavu wote wa gauni ukafunguka kutoka kwapani hadi kiunoni.

Bandarini watu walikuwa wamejaa mpaka majini, na tishari ilikwisha kuonekana, nyeusi kwa watu na magodoro na vitanda. Nyanya alivua leso ili amfunge haboba. Haboba akaitupa. "Ukifunika kitambaa, dada iko ona nini?" Nyanya akachomoa sindano aliyokuwa akiichomeka daima kwenye kola, yenye uzi mwekundu tayari. Uzi mwingine haukuwapo. Lakini kumshonea mtu nguo mwilini nyanya alikataa katakata. Kwao hivyo hushonewa maiti, naye hakuwa tayari kumtabiria mtu kifo siku ya furaha yake. Ilibidi haboba avue. Tukasimamisha leso kwenye mlango wa gari, mama upande huu na mimi upande ule, haboba akabaki na shimizi, na nyanya akashona kwa mkono kwa kasi ambayo sijaiona tena.

Tishari ikagusa ukingo. Watu wakaanza kushuka, wakalia, wakapiga vigelegele, na sisi nyuma ya leso hatuoni kitu. Haboba alivumilia kidogo, kidogo tu. Halafu likatoka.

"Ya nas!" Gauni la uongo! Fundi gani huyu wa raundabauti! Dada yangu anapita na mimi iko uchi ndani ya gari la watu! "Ya nas! Ya nas!" Nyanya naye, bila kuinua macho, akamjibu kwa Kijaluo, kwa maneno ambayo mama aliniziba masikio nisiyasikie. Akiniziba masikio, leso upande wake ikaanguka.

Mbele yetu alikuwa amesimama bibi mfupi, mwembamba, ameshika bakuli na kifurushi. Alikuwa amevaa gauni la kijani lenye maua ya manjano. Alikuwa akihema kama aliyekimbia. Baadaye alisimulia kwamba alishuka akitafuta kitambaa, akazunguka umati wote, hakukiona, akakata tamaa akawa anaelekea barabarani. Ndipo akasikia mtu akigomba. Alisema sura ya dada yake alikuwa ameisahau kabisa, lakini walilala mkeka mmoja utotoni, na hakuna aliyewahi kulala karibu na sauti ile akaisahau.

Akasema, kwa sauti ile ile, inayoanzia chini na kuvunjika juu, "Ya nas! Bado unagomba?"

Haboba akatoka garini na shimizi yake mbele ya bandari nzima.

Nyanya alimaliza kushona huku machozi yakimdondoka juu ya uzi mwekundu. Mama akajitolea kuufumua ule mshono nyumbani, aurudie vizuri kwa mashine na uzi wa kijani. Haboba alikataa. Alilivaa gauni lile kila Jumapili, na ubavuni mshono mwekundu ukaonekana toka mbali, mbovu, mkubwa kama wa gunia. Akiulizwa, aliupapasa akasema, "Dada iko pita hapa."

Miaka michache baada ya nchi ile kupata bendera yake, risasi zilisikika mjini, nasi tukarudi Kisumu na mifuko ya mkononi tu. Cherehani kilibaki mezani kwa haboba. Kwenye lango mama alimwambia asisahau, uzi uende kama magari. Haboba akasema anajua, magari ya hapa, si ya kwenu. Alikuwa amesimama na dada yake, mabega yamegusana, na ilikuwa siku ya kazi lakini alikuwa amevaa lile gauni. Simu hakuwa nayo. Sijawahi kupata habari zake tangu siku ile, wala za ule ua. Nyanya alikwisha kufa, na dereva sijui yuko wapi.

Nilipomaliza kumsimulia binti yangu, aliitoa bobini, akaigeuza, akaitumbukiza tena. Akavuta uzi kuitazama inavyozunguka.

"Hivi ndivyo Juba?"

Nikamwambia ndiyo, hivi ndivyo Juba. Akashona, akanipa kitambaa nijaribu. Nikavuta mshono kwa nguvu, nikauvuta tena, nikaendelea kuuvuta hata baada ya kuona kwamba umeshika, nikitega sikio kama mtu ataniita kutoka uani.