Harufu ya Ndizi Mbivu

Chuo kikuu kilipofungwa mwaka wa 1982, mwanafunzi mmoja wa Vitengeni aliniomba atumie maabara ya shule niliyoitunza Malindi. Kutengeneza esta, kemikali inayonukia kama matunda, kulimshinda chuoni, na hakutaka kurudi vile vile. Kila asubuhi aliniamkia, akajifunga leso kiunoni, akachanganya alkoholi na asidi, akapasha moto polepole. Vidole vyake vilijaa madoa ya asidi. Mara nne mchanganyiko ulinuka siki tu. Akaumwaga, akaosha chupa bila kunung'unika.

Siku ya tano chumba kizima kikanukia ndizi mbivu.

"Hongera, mwanangu! Sasa kapumzike."

Aliandika daftarini, kisha akaiosha ile chupa.

"Bado, baba. Mara moja yaweza kuwa bahati," akasema, akapima asidi upya.