Pumzi za Jumatatu Asubuhi

Makala yangu inayonukuliwa kuliko zote ina kosa, na kosa hilo ni langu mwenyewe.

Niliiandika nilipokuwa mhadhiri kijana wa tiba ya magonjwa ya kazini hapa Gitega. Nilitaka kujua vumbi la kahawa linawafanya nini akina mama wa kiwanda kimoja cha kukoboa, kule Muyinga. Meneja aliniruhusu kuwapima pumzi Jumatatu asubuhi tu, kabla mashine hazijawashwa, ili kazi isisimame. Nilikubali bila kutafakari. Jumamosi wanakuwa kwenye kazi za jumuiya, Jumapili kanisani. Vifua vyao vilikuwa vimepumzika siku mbili nzima. Vipimo vikatoka vizuri, nami nikaandika kwamba vumbi lile halionekani kuwadhuru.

Aliyenizindua, miaka kadhaa baadaye, ni mama mmoja wa kiwanda kile, mchambua kahawa kutoka Gasorwe.

“Muganga, we unakujaka Jumatatu tu, kama vile padiri anakujaka Jumapili,” alisema, na wenzake wakacheka. “Jumatatu mi niko muzima. Uje Ijumaa jioni, usikie vile kifua inapiga filimbi.”

Nilikwenda Ijumaa jioni. Kifua chake kilipiga filimbi kweli, na vya wengi wa wenzake pia. Nilichapisha masahihisho katika jarida lile lile na kulitaja kosa langu waziwazi. Hakuna aliyeyanukuu. Makala ya kwanza, kwa upande wake, iliendelea kunukuliwa katika nchi ambazo sijawahi kufika, na watu waliohitaji sentensi moja ya kusema kwamba vumbi la kahawa halina neno.

Ukafika wakati wa kuomba uprofesa. Siku hizi kamati yetu hutazama kwanza mwalimu amenukuliwa mara ngapi. Niliomba makala ile isihesabiwe. Mwenyekiti, aliyenifundisha zamani, alivua miwani.

“Mwanangu, tukiiondoa unabaki na nini?”

“Masahihisho.”

“Yamenukuliwa mara ngapi?”

“Bado, mwalimu. Hata mara moja.”

“Sasa unataka tuandike nini hapa? Sufuri? Hesabu haiulizi kama ulisema kweli. *Bon*, tuendelee.”

Ningeweza kuliondoa ombi langu la uprofesa pale pale. Sikuliondoa. Nilikuwa nimekisubiri cheo hicho kwa muda mrefu, na nilijiaminisha kwamba barua ya profesa ingesikilizwa kiwandani kuliko ya mhadhiri.

Nilipokipata, niliandika barua ya kuwaombea akina mama wale barakoa na mashine za kunyonya vumbi, nikaipeleka Muyinga kwa mkono wangu. Meneja aliisoma hadi mwisho, kisha akafungua mtoto wa meza na kutoa makala yangu ya kwanza, imechapwa na kubanwa vizuri.

“Profesa, lakini ninyi wenyewe mlisema hakuna madhara.”

“Nilikosea. Nilisahihisha.”

“Wakubwa wangu wameangalia kwenye mtandao. Hii wanaitaja watu wengi. Hiyo nyingine, nani anaitaja?”

Dirishani vumbi lilikuwa limetanda juu ya vitambaa vya vichwa vya akina mama, na mashine zilinguruma kiasi kwamba sikuweza kusikia kama kuna aliyekohoa. Meneja alikisoma tena cheo changu chini ya saini, akanipongeza kwa moyo mweupe, na kuagiza niletewe chai. Niliinywa.