Mkanda Uliopakwa Sabuni

Mwanangu, nakumbuka Jumamosi niliyoolewa, na leo naikumbuka kwa hasira, kwa sababu asubuhi hii gari lako limeingia uani kwangu hapa Ipagala likipiga yowe mpaka kuku wamekimbia. Nimekuuliza ni nini, ukanijibu, "Ni mkanda wa feni tu, Mama, nitaupaka sabuni utanyamaza." Sabuni, mwanangu. Mimi nilidhani ujinga huo tulimzika nao Baba mdogo. Kaa hapo kwanza, chai utakunywa ukishanisikiliza.

Baba mdogo Yona alikuwa mdogo wake baba yangu. Baba alikuwa ameshafariki, kwa hiyo yeye ndiye aliyesimamia harusi yangu, na mimi nilikuwa nipande gari lake, jeupe, dogo, alilolipenda kuliko chakula. Wiki nzima kabla ya harusi gari hilo lilikuwa linalia. Asubuhi likiwashwa linalia, hasa mvua ikiwa imenyesha usiku. Jioni akiwasha taa linalia tena. Nikamwambia, "Baba mdogo, gari lako linaumwa." Akacheka. Akasema bibi harusi hasemi, kazi yake ni kuinamisha kichwa. Na kweli, kwetu Miyuji miaka ile msichana aliyekwishaposwa hakutakiwa kusikika. Uwe na njaa, uwe na kiu, unatazama chini. Shangazi zangu walinilinda kama mtu aliyeiba.

Kilichomkera Baba mdogo hakikuwa ugonjwa wa gari, ilikuwa aibu. Wakwe wa Ihumwa watasemaje wakisikia bibi harusi analetwa na gari linalolia kama nguruwe? Basi akachukua kipande cha sabuni ya mche akausugua mkanda huku injini inazunguka, na mpaka leo namshukuru Mungu kwamba alirudi na vidole vyote. Mlio ukakatika. Kesho yake ukarudi, akasugua tena. Siku ya harusi yenyewe akaona sabuni haimtoshi, akawaagiza wapiga matarumbeta watangulie na pikapu yao mbele yetu wapulize bila kupumzika, ili hata mkanda ukilia usisikike. Watu wakamsifu kwa shamrashamra. Mimi nimekaa nyuma na shela langu, nasikia kila kitu, nimenyamazishwa.

Sasa uelewe kilichokuwa hatarini. Kwaresima ilikuwa inaanza Jumatano, na kanisa letu halifungishi ndoa Kwaresima. Mchungaji alikuwa na makanisa mengine ya kuzungukia siku hiyohiyo, akasema atatusubiri Ihumwa mpaka saa sita, zaidi ya hapo tuonane baada ya Pasaka. Chakula kimeshapikwa kwa wakwe, ng'ombe ameshachinjwa. Tulipofika karibu nusu ya njia, taa nyekundu ya betri ikawaka, mshale wa joto ukapanda, na mvuke ukatoka mbele mpaka hatuoni barabara. Gari likasimama. Matarumbeta yakaenda zake yakipuliza, hayana habari na sisi.

Wanaume wakashuka wakafungua boneti, na kila mmoja ana dawa yake. Huyu anasema paka mshumaa. Huyu anasema grisi. Mmoja akaokota mchanga akasema ukiunyunyiza mkanda utashika. Baba mdogo anatafuta sabuni yake mfukoni. Hakuna hata mmoja aliyeuliza mkanda unalilia nini. Na nyuma yetu, kwenye gari lililobeba masufuria na vyombo vyangu, alikaa Mjomba Chilongani, kaka yake mama, aliyeendesha malori ya mahindi maisha yake yote. Hakuna aliyemwita, kwa sababu gari ni la ukoo wa baba, na upande wa mama siku hiyo ulikuwa wageni. Niliona jua linapanda, saa sita inakaribia.

"Mwiteni Mjomba," nikasema.

"Wewe bibi harusi, husemi," akanikemea Baba mdogo.

"Nisiposema nitaolewa na nani hapa njiani, Baba mdogo? Na mawe?"

Shangazi akanifinya paja. Nikafungua mlango nikamwita Mjomba mwenyewe, kwa sauti.

Akaja polepole, anaudhi kwa upole wake. Baba mdogo alikuwa anataka kufungua mfuniko wa rejeta, lile tangi la maji ya kupoza injini; Mjomba akamshika mkono, akamwambia asubiri ipoe kama hataki kuungua uso. Akaubonyeza mkanda kwa kidole gumba, ukadidimia kama kamba ya kuanikia nguo. Akaonyesha ndani yake: unang'aa, unateleza, na umeanza kupasuka. Kisha akaitikisa ile jenereta ndogo inayochaji betri, ikacheza. Nati yake ilikuwa imelegea, basi. Mkanda unateleza, pampu ya maji haizunguki sawasawa, injini inachemka.

Akaufungua mkanda, akazungusha kila puli, vile vigurudumu vya mkanda, kwa mkono kusikiliza kama kuna beringi iliyokufa. Hakuna. Akaomba maji na mpini wa jembe nyumba iliyokuwa jirani, akauosha mkanda na puli mpaka sabuni ikaisha, akakausha kwa kanga ya shangazi aliyenifinya. Akaurudisha, akaisukuma jenereta kwa ule mpini mpaka mkanda ukakaza, akafunga nati. Akabonyeza tena: unanepa kidogo tu. Rejeta ilipopoa akaijaza, akawasha gari, akawasha na taa. Kimya.

"Shemeji," akamwambia Baba mdogo, "gari limekuambia wiki nzima, na binti amekuambia. Wote wawili umewanyamazisha. Jumatatu nunua mkanda mpya, huu ni wa kutufikisha tu."

Tulimkuta mchungaji ameshapanda pikipiki. Akatutazama, akashuka, akavaa tena joho lake. Ndivyo nilivyoolewa na baba yako, nikiwa na matope ya barabarani kwenye pindo la gauni.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na ninyi bado mnanunua sabuni. Kitu kikilia, mwanangu, usikimbilie kukinyamazisha. Fungua, bonyeza, zungusha kwa mkono, uliza. Mara nyingi ni nati moja tu. Lakini ukiupaka mkanda sabuni, nati hiyo itakuja kuua injini.

Na sikukuita uje leo kwa ajili ya gari. Mkeo alinipigia simu jana akilia. Akaniambia kila akianza kukueleza kinachomuuma unamwambia, "Tulia, nitakununulia kitenge." Vitenge vimejaa sanduku, mwanangu, na yeye bado analia. Umenichosha, kweli umenichosha, lakini wewe ni wangu. Kunywa chai yako, kaza ile nati, halafu rudi nyumbani ukakae mbele ya mkeo, umuulize anaumwa wapi, na akianza kusema usimkatize. Mungu akupe masikio mwanangu, na nyumba yako aikaze kwa mkono wake.