Jino la kulungu mfukoni mwa Risasi Moja

Kumepambazuka nusu tu, na umande umemlowesha suruali mpaka magotini. Mwindaji amesimama nyuma ya kichaka, bunduki begani, mdomo wazi kidogo kama mtu anayetega sikio kwa jirani. Ng'ambo ya korongo kulungu anabweka. Ni sauti ya kukwaruza, kama ya mbwa mwenye mafua, na mgeni asiyeijua angegeuka kumtafuta mbwa.

Punde mnyama mwenyewe anajitokeza. Ni dume, pembe zimejisokota, madoa meupe ubavuni. Anasimama kiubavu, karibu kiasi kwamba hata mwandishi wa gazeti, ambaye hajawahi kushika bunduki, angeweza kumpata. Mwindaji hainui silaha.

"Huyu si wangu," ananong'ona. "Huyu anabweka. Wangu hawezi kubweka."

Hii ni wiki ya tatu anamtafuta wake. Kila alfajiri huondoka nyumbani na bunduki, chupa ya maji na risasi moja mfukoni, akaingia msitu ulio juu ya mashamba. Kila mchana hurudi na risasi ileile.

Ameajiriwa na ushirika wa wakulima kulinda mashamba ya maharage dhidi ya wanyama, na kibali anacho. Mshahara wake unatosha unga, sabuni na karo ya mtoto mmoja. Watoto wengine wawili husoma kwa posho anayopewa kwa kila mnyama mharibifu anayemuua. Kwa wiki hizi tatu hajapata posho, maana hajafyatua risasi.

Wafanyakazi wenzake humwita Risasi Moja, na hawakumpa jina hilo kwa utani. Katika miaka yake yote ya kazi hii, wanasema, hakuwahi kuhitaji risasi ya pili kwa mnyama yeyote. Lakini mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mgema wetu alisifiwa mbele ya wageni.

Wageni wenyewe walikuwa wanunuzi wa maharage. Walikuja kukagua zao hilo, wakatembezwa pembezoni mwa shamba jioni, na kwa bahati nzuri au mbaya, kulungu dume alikuwa amesimama katikati ya matuta akila. Mmoja wao alitoa simu akaanza kurekodi. Mwingine akasema, kwa kucheka, "Tumeambiwa wewe hukosi. Hebu tuone."

"Mimi mwenyewe ndiye ninayewafundisha walinzi wote hapa," anasimulia mwindaji, akikaa juu ya gogo. "Nawaambia piga bega. Bega ni pana, nyuma yake kuna moyo na mapafu. Atakimbia kidogo, lakini atakufa karibu. Kichwa ni kidogo na hakitulii. Nimelisema hilo mpaka wananiiga sauti."

Anavua kofia, anaikung'uta umande.

"Lakini aliyepigwa bega hukimbia kwanza. Nikaona wale wageni watadhani nimekosa. Nikataka aanguke palepale aliposimama, waondoke na stori. Nikapiga kichwa."

Inzi ndiye aliyeharibu. Alitua kwenye sikio la kulungu, kulungu akatikisa kichwa, na risasi ikapita chini ya pale ilipotumwa. Mnyama alipiga magoti. Wageni wakapiga makofi. Kisha akainuka na kuondoka, taya la chini likining'inia, akaingia vichakani bila kelele.

Pale aliposimama palikuwa na damu kidogo sana, kipande cha mfupa, na jino.

Kwa asiyejua, damu kidogo ni habari njema. Kwa mwindaji ni hukumu. Mnyama aliyevunjika taya hafi kwa jeraha. Miguu yake ni mizima, moyo wake ni mzima, na anaweza kwenda popote. Kinachomuua ni njaa, na njaa haina haraka.

"Mgeni mmoja akaniuliza, 'Amekufa?' Nikamjibu, 'Atakufa.' Sikumdanganya," anasema. "Tena akanipa mkono wa hongera. Nikaupokea."

Alifuata nyayo hadi giza lilipomzuia, na usiku huo mvua ikanyesha ikafuta kila kitu. Tangu hapo mvua ikigonga bati hulala macho wazi.

Katika kazi yao wana sharti moja ambalo halimo kwenye kibali wala kwenye mkataba wa ushirika. Aliyejeruhi hapigi mwingine mpaka ammalize wa kwanza. Alilipokea kwa mjomba wake, aliyemfundisha kazi, na mjomba alilipokea kwa wakubwa wake. Hakuna wa kukukamata ukilivunja. Mwindaji anasema hilo ndilo linaloliweka hai, kwamba unabaki wewe na nafsi yako, na nafsi haikubali rushwa.

Nyumbani kwake ni vyumba viwili na sebule. Sebule imetekwa na cherehani ya mkewe, fundi wa sare za shule, na mgeni hukaribishwa kiti baada ya mikunjo ya kitambaa cha buluu kuhamishiwa kitandani. Mkewe ni mwanamke mwenye maneno machache na jicho kali, na ndiye aliyelikuta jino kwenye mfuko wa shati siku ya kufua.

"Nilimwuliza, baba, meno yako yote yapo?" anasema fundi, mguu ukiendelea kukanyaga cherehani. "Nilidhani ni mzaha. Nikamwona anavyolitazama, nikaendelea kufua."

Alilitia kwenye kopo lake la vifungo, juu ya rafu, ili mumewe aache kutembea nalo. Mumewe hulitoa kila asubuhi na kulirudisha kila mchana. Tangu siku ya kufua hawajalizungumzia tena.

"Mimi namwambia yule alikufa siku ileile," anaendelea, sasa kwa sauti ya chini, kwa kuwa mwenyewe yuko uani ananawa. "Namwambia kila siku. Sijui kama alikufa. Nataka mume wangu ale."

Na kweli hali. Shati lililomkaa vizuri sasa linamwelea. Kaka wa fundi, ambaye ni muuza nyama na mtani wa kazi, hupita jioni kumchangamsha shemeji yake. "Shemeji, huyo kulungu kakuzidi akili, mpe heshima yake uoe binti yake," alimwambia siku ya mwandishi kufika. Kwa kawaida angejibiwa kwa utani mkali zaidi. Safari hii mwindaji alimtazama tu, na muuza nyama akajikuta anasema, taratibu, "Basi, shemeji. Basi."

Ofisini kwa ushirika subira imekwisha. Msimamizi wa mashamba, mama wa makamo anayevaa buti za mpira hata mezani, anasema anamheshimu mtu wake ila maharage hayasubiri matanga. Wiki ikiisha bila kazi kufanyika, atamtafuta mwingine. Alimwambia hivyo mchana wa siku ile ya kulungu aliyebweka, mwandishi akiwepo, baada ya wawili hao kushuka kutoka msituni mikono mitupu na mwindaji kupitia nyumbani kulirudisha jino koponi.

"Wewe unazunguka huko juu, huku chini wanyama wananimaliza," alisema msimamizi. "Tena safari hii hata hawali. Wanachezea tu. Nakuta majani yamechumwa, yamelowa mate, yametupwa kwenye matuta. Tangu wiki ile nyingine. Nikikwambia, hunisikii."

Mwindaji, aliyekuwa ameinamisha kichwa akipokea lawama zake kimya, alikiinua.

"Wanatema?"

"Wanatema. Zima zima, jani halijatafunwa."

Hakuaga. Mwandishi alilazimika kukimbia kumfikia.

Kumbe kwa wiki zote hizi alikuwa akimtafuta mbali. Alijua, kama kila mwindaji ajuavyo, kwamba mnyama hukimbia mahali alipoumizwa. Lakini mnyama asiyeweza kutafuna hawezi kuishi msituni kwenye magome na matawi. Hutafuta kitu laini na maji ya karibu. Chini ya shamba la maharage, nyuma ya matete, kuna mtaro wa maji ya kumwagilia. Si mbali na pale wageni walipopigia makofi.

Alitembea kwenye matuta akiyaokota majani yale moja moja, akiyageuza. Mengine yalikuwa yamekauka. Mengine yalikuwa bado mabichi. Alipofika kwenye mabichi aliitoa ile risasi mfukoni na kuitia kwenye bunduki.

Haikuhitajika. Kulungu alikuwa amelala kwenye matete, miguu ya mbele ndani ya maji, mbavu zinahesabika. Taya lilikuwa limevimba na kuoza. Kinywani, kati ya ulimi na kaakaa, kulikuwa na majani ya maharage, mazima kabisa, kana kwamba mtu ameyapanga humo.

Mwindaji alipiga magoti, akapeleka mkono chini ya kwapa la mnyama. Aliuacha hapo kwa muda mrefu.

"Bado ana joto," alisema.

Yaani asubuhi hiyo, mwindaji na mwandishi walipokuwa juu msituni wakimsikiliza yule anayebweka, huyu alikuwa hapa anajaribu kula. Mwindaji alilia bila kujificha, kama watu wanavyolia msibani, akijifuta kwa mkono uleule.

Nyama ya mnyama wa namna hiyo hailiwi. Aliazima jembe kwenye banda la zana akachimba ukingoni mwa mtaro, peke yake, akakataa kusaidiwa. Msimamizi alikuja na buti zake, akasimama kwa mbali, akatazama mpaka udongo wa mwisho. Aliporudi ofisini alipita karibu na mwandishi. "Ningejua ndiye, ningemwambia kwa namna nyingine," alisema.

Njiani kurudi nyumbani mwindaji alizungumza mara moja tu. "Mama watoto nitamwambia alikufa siku ileile. Yeye ndivyo alivyotaka iwe. Wewe andika unavyojua."

Fundi alikuwa mlangoni anachomoa uzi kwenye kola ya sare. Aliwatazama miguu kwanza, ikiwa na tope la mtaroni, kisha uso wa mumewe.

"Umempata."

"Nimempata."

"Alikuwa amekufa?"

"Zamani. Siku ileile, kama ulivyosema."

Mkewe aliweka sare chini. Amefua nguo za mwindaji tangu alipoolewa, na anajua mzoga wa wiki tatu unavyoshika kwenye kitambaa, jinsi unavyokataa sabuni. Alimsogelea mumewe, akashika ukosi wa shati lake, akaunusa.

"Mbona hunuki?" aliuliza.

Aliendelea kuushika ukosi ule, na uso wake ukabadilika taratibu alipokuwa akihesabu mwenyewe siku zote alizokuwa akimwambia mumewe ale, kulungu akiwa bado hai na njaa yake. Kisha akamwingiza ndani, akamkalisha kwenye kiti cha cherehani, akamvua viatu.

Kuhusu kesho, mwindaji hana maneno mengi. Atarudi kazini kwa kuwa watoto wanasoma na maharage yanaliwa. Atapiga bega, anasema, hata atazamwe na nani, kama mkono utakubali; leo haujakubali hata kushika kikombe. Hana hakika kama posho atakayopata ataweza kuipokea. Na wale wanaomwita Risasi Moja anawaomba waache. Hakasiriki, ila hataitika.

Matumaini yake ni jambo dogo. Anainuka, anafikia kopo la vifungo kwenye rafu, anapekua kwa kidole kati ya vifungo vyeupe vya sare mpaka anakipata anachokitafuta.

"Kesho kabla ya kazi nitakwenda kufukua kidogo," anasema. "Nilimzika bila jino lake."

Mkewe anainuka na kumkatia kipande cha kitambaa cha buluu cha kulifungia.