Wingu Lenye Mwanya

Tangu Nyamizi, muuguzi wa shule yetu, apande lori la pamba kwenda zahanati ya Nkome, hapa Shinyanga sijaiona mvua wala kicheko chake. Sikuwahi kumwambia kwamba nampenda. Nilingoja arudi, nipeleke posa kwa baba yake, Mwalimu Masanja wa sayansi.

Juzi niliwatungia wanafunzi wangu wa sekondari zoezi la ufahamu kuhusu mvuke, na mzee huyo akaja darasani kuhakikisha sijakosea sayansi. Mwanafunzi mmoja akasoma ubaoni kwa sauti:

"Jua huyainua maji ya ziwa kule Nkome, yakawa wingu. Ewe wingu lenye mwanya, unayecheka kabla hujasalimia, utakuja lini?"

Mwalimu Masanja akavua miwani. "Wingu gani hilo lina mwanya?"

"Dada Nyamizi, Mwalimu!" darasa zima likajibu.

Chaki ikanidondoka. "Shikamoo, Baba," ndiyo maneno pekee yaliyonitoka, na tulikwisha kuamkiana asubuhi.

Darasa likaangua kicheko. Yeye alijitahidi kukunja uso, akashindwa, akacheka. Kinywani mwake nikauona mwanya uleule ninaouota.